Duka la kaharabu lisilo na kibao, Mutrah: acha uso wa punje, tazama tundu

Nianze na hukumu, maana najua wengi wenu hamvuki aya ya kwanza: duka ni la kuaminika, bei zake si za mchezo, na lile sinia la mlangoni lipiteni tu.

Duka lenyewe halina kibao. Ingieni Soko la Mutrah, Maskati, Oman, kwa upande wa bahari, yavukeni maduka ya ubani na udi ya mwanzoni, ambako meli ya watalii ikitia nanga hapapitiki, kisha wafuateni wauza fedha mpaka mkute kichochoro chembamba mkono wa kushoto. Mtaona kabati la kioo na mzee kakaa nyuma yake, dishdasha nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, tasbihi haimtoki vidoleni. Maskati wazee wa namna hii wapo wengi, waliozaliwa Unguja au Pemba, na Kiswahili chao bado ni kile kile cha Mji Mkongwe.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Kikwajuni."

"Juu au Bondeni?"

Nikamwambia Bondeni, akacheka, akaniambia niketi, kahawa ikaja. Nilikwenda kumtafutia mteja wangu tasbihi ya punje 33. Kazi yangu ni kutunga tasbihi: uzi ukikatika au kishada kikichakaa, watu huniletea. Kwa hiyo punje huzipata zikiwa hazina uzi, tundu liko wazi, na nimeshazoea kuanzia hapo kabla hata sijatazama rangi ya nje. Siku hizi kila mtu ananiuliza swali moja: kaharabu ya kweli ina rangi gani? Swali lenyewe ndilo linalowatajirisha waongo.

Kaharabu ni kisukuku, sawa na mfupa au jino lililogeuka jiwe, ila yenyewe ilikuwa utomvu wa miti. Hii ya Baltiki, inayotawala masoko yote ya tasbihi, ilidondoka kwenye misitu ya Ulaya ya kaskazini zaidi ya miaka milioni 34 iliyopita. Leo nyingi huchimbwa Yantarny, kule Kaliningrad, Urusi, na mafundi wenye jina wako Gdańsk, Poland. Ardhini hutoka nyeupe, njano, rangi ya asali, kahawia, hata nyekundu. Sasa ukiambiwa "ya kweli ni ya asali", umeshafungwa macho, maana plastiki ya rangi ya asali ndiyo rahisi kuliko zote kutengeneza. Rangi inasaidia, tena sana, lakini lazima uiulize imeingia vipi, imekomea wapi, na kwa nini hapa imekoza na pale imepauka.

Ami akanitandikia tasbihi tatu juu ya kitambaa cheusi. Hapa nampa alama ya kwanza: kitambaa cheusi, halafu akaniletea lenzi ya sonara bila kuombwa. Alama hiyo hiyo namnyang'anya nusu kwa sababu ya taa yake. Balbu ya dukani ni ya manjano, na chini ya taa hiyo hata kitufe cha shati kinakuwa asali. Nikazibeba mpaka mdomoni mwa kichochoro penye mwanga wa mchana. Hakukataa, alinisindikiza kwa macho tu.

Ya kwanza ilikuwa rangi ya siagi. Nzuri hii, na ndiyo niliyoichukua mwishowe. Weupe wa kaharabu ya namna hii hautokani na rangi yoyote iliyotiwa. Ni viputo vya hewa, vidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kukitenga kimoja kimoja, na vinavyotawanya mwanga. Kwa kuwa viputo havijipangi kwa mstari, punje mbili hazifanani: moja nzito yote, nyingine upande mmoja mweupe na upande wa pili unapitisha mwanga, katikati yake tui lililomiminwa kwenye chai na halijakorogwa. Nikazihesabu hizo tofauti kwenye punje zote. Kisha nikasogeza uzi pembeni, nikachungulia tundu. Ndani palikuwa na rangi ile ile ya siagi, kavu kidogo, na mdomoni mwa tundu palikuwa na kijimeguko kidogo mno kilichoachwa na keke. Hapakuwa na pete ya rangi iliyokoza. Pete hiyo ndiyo ninayoitafuta siku zote. Punje iliyochovywa rangi, rangi hukimbilia mdomoni mwa tundu na kwenye nyufa, hujikusanya pale, na lenzi huionyesha waziwazi hata kama uso umeng'arishwa vipi.

Ya pili ilikuwa rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyokoza. Hii ndiyo vijana wanaiulizia, na hii ndiyo yenye uwongo mwingi. Kaharabu hubadilika rangi kwa hewa na mwanga. Ikikaa miaka mingi mikononi mwa watu, ngozi yake huenda kwenye chungwa, kisha wekundu. Lakini huko kuzeeka hakulingani. Punje husuguana, kwa hiyo pale zinapokutana, karibu na tundu, ngozi hulika na njano ya chini huchomoza. Punje ya karibu na kishada huwa tofauti na ya katikati, maana kidole hakizipiti zote sawa. Wekundu uliolingana kuanzia punje ya kwanza mpaka ya 33 una maana mbili: imepikwa kwenye tanuri juzi, au si kaharabu kabisa. Iliyopikwa ni kaharabu bado. Chini ya ngozi nyekundu nyembamba utaona njano kwenye kila jeraha, na hakuna haramu hapo mradi muuzaji aseme.

Ami alisema kabla sijafungua mdomo: "Hiyo bakelaiti, usijitaabishe." Kwenye kikaratasi cha bei pia ameandika hivyo hivyo, kwa Kiarabu. Hapa nilimpenda. Bakelaiti ni plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kemikali, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907 kwa fenoli na fomaldehidi, na tasbihi zake za zamani zina soko lake Uturuki na Ghuba nzima. Nyingine bei yake inaizidi kaharabu mpya. Tatizo ni pale inapouzwa kwa jina lisilo lake. Na kwa bakelaiti tundu nalo hudanganya, nawatahadharisha: bakelaiti kuukuu hubadilika rangi kwa nje, ikimeguka ndani huonekana ya mpauko, unadhani umeshapata ngozi ya uzee. Kwa hiyo hapo rangi peke yake haitoshi. Sugua punje kwa kidole gumba mpaka ipate moto, unuse. Bakelaiti hutoa harufu kali ya dawa ya hospitali za zamani. Kaharabu hutoa harufu ya utomvu, hafifu. Au chukua glasi ya maji, yeyusha chumvi mpaka igome kuyeyuka. Kaharabu huelea, bakelaiti huzama. Ami anayo glasi hiyo chini ya meza, imefunikwa kisahani, na aliitoa kwa fahari kabisa. Kumbukeni tu kutoa kwanza chochote cha fedha kwenye kishada, kisije kikaizamisha ya kweli mkaja kugombana na mtu wa watu.

Ya tatu ilinikasirisha kidogo. Asali safi, ndani yake vijisahani vinavyometa mwanga ukipita. Wateja huvipenda, wakadhani ni alama ya asili. Vingi ni vya tanurini: kaharabu yenye ukungu hupashwa moto hadi ukungu unaondoka, na viputo vilivyobaki hupasuka vikawa duara bapa. Hilo ni la kawaida, silipingi. Lakini nilipoiweka mbele ya mwanga nikaona mishipa, mistari ya kahawia iliyokoza ikipita ndani ya kila punje na kuigawa vipande vipande. Hiyo ni kaharabu ya kushinikizwa, vipande vidogo na unga uliobaki karakanani, vikapashwa moto na kubanwa mpaka vikashikana. Kile kikahawia ni ngozi ya kila kipande, imebaki kwenye maungio.

"Ami, hii ya kushinikizwa?"

"Ee, ya kushinikizwa hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Nyota moja kati ya tano imekatwa hapo. Kitu ni kaharabu kweli, hakudanganya, ila bei aliyoitaja ilikuwa imeikaribia ile ya siagi, na mteja asiyejua kuuliza angeilipa.

Kisha akainama, akatoa boksi la bati la biskuti. Ndani sandarusi, utomvu mkavu wa mti ambao haujazeeka kuwa kaharabu, mabonge ya njano mpauko, mengine yana mchanga bado. "Hii ya kwetu," akasema, na kwa kweli ni ya kwetu. Karne ya 19 sandarusi ilichimbwa mrima, Bagamoyo, Rufiji na kwingineko, ikaletwa Unguja, ikapakiwa kwenye majahazi na marikebu pamoja na pembe na karafuu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wateja wakubwa, wakiitaka kwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Iliyokaa ardhini muda mrefu ilikuwa na ngozi ya vipele na ilipata bei. Ile mbichi, chakazi, ilidharauliwa. Yote hutoka kwenye msandarusi, na umri wake ni mamia ya miaka, au maelfu machache. Kwa jirani yake wa Baltiki ni mtoto wa jana.

Sandarusi ndiyo inayonisumbua kuliko plastiki, maana inafaulu karibu mitihani yote. Inaelea kwenye maji ya chumvi. Ukiisugua inanukia utomvu. Ukiimulika kwa taa ya kukagulia noti inang'aa, ijapokuwa kwa unyonge. Rangi yake hukupa fununu tu: njano ya limau iliyo safi mno, angavu mno, na baada ya miaka michache uso wake hufanya utando wa nyufa ndogondogo. Jawabu liko kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni. Ami akachovya ncha ya pamba, akagusa bonge moja, tukasubiri kidogo, kisha akanishika mkono na kunibandikisha kidole pale. Kilinata, na kilipobanduka kiliacha alama ya kidole changu yenye mistari yake yote. Tukafanya vile vile kwenye upande wa chini wa imamu, ile punje ndefu ya kichwani, wa tasbihi ya siagi: kukavu, hakuna doa. Sijaona muuzaji mwingine sokoni pale anayeruhusu asetoni iguse mali yake. Nyota imerudi nusu. (Msiijaribu kwenye punje ambayo si yenu, na msimwamini mtu wa kupima kwa kuchoma punje na sindano ya moto, atawaachia kovu na jibu hamtalielewa.)

Sandarusi yake anaiuza kwa bei ya sandarusi. Naisifia, kwa sababu nimetunga tasbihi nyingi za "kaharabu ya kijani" zilizoletwa kutoka safarini, na kijani cha madukani kwa kawaida ni kaharabu angavu iliyopakwa weusi mgongoni, au sandarusi iliyopikwa kwa joto na mgandamizo. Kwake sikukiona kijani hata kimoja.

Wadudu sasa. Ana vipande viwili vitatu vya Baltiki vyenye visubi ndani, na kimoja nilikikalia kwa lenzi mpaka kahawa ikapoa. Kisubi mmoja, si mkubwa kuliko punje ya ufuta, miguu imekunjamana, bawa moja limepinda. Upande wa tumbo umefunikwa na ukungu mweupe, upande wa mgongo uko wazi. Ule ukungu ndio saini ya Baltiki. Hutokana na mdudu mwenyewe alipoanza kuoza ndani ya utomvu. Pembeni yake kulikuwa na vinywele vya kahawia vilivyotawanyika kwa umbo la nyota. Hivyo ni vinywele vya mialoni, miti ya msitu ule, na waghushi wengi hawajui hata kama vipo. Mghushi hutaka mdudu mkubwa, katikati, mabawa yamekunjuliwa, mweusi tititi, hana ukungu. Kifo cha kwenye utomvu hakina adabu hiyo.

Tukirudi mlangoni: lile sinia limejaa vijiplastiki vya rangi ya chungwa vyenye nge mzima ndani, vya kutundikia funguo. Kuna kikaratasi cha Kiingereza kinachosema ni kaharabu. Nikamuuliza. Akasema ni mali ya mpwa wake, ni ya wageni wa meli, na riyali mbili hakuna anayetegemea nge wa miaka milioni. Hoja naielewa, lakini siikubali. Mtu mwenye glasi ya maji ya chumvi chini ya meza hana sababu ya kuwa na karatasi ile mlangoni. Nyota ya pili imekwenda na haikurudi.

Rafu ya juu ana visukuku vya kawaida, na nilivipitia haraka. Meno ya papa wa Khouribga, Morocco, kwenye machimbo ya fosfati, ni ya kweli na ni rahisi. Huko hutoka kwa wingi mno, hakuna faida ya kuyaghushi madogo. Tazameni mpaka kati ya jino na mzizi: jino linang'aa, mzizi umefifia, una vitundu, na rangi mbili hizo hukutana kwa mstari usionyooka. La kuigiza lina rangi moja iliyopakwa kivuli juu. Pale penye shaka ni mataya, meno matatu manne yamepandwa kwenye "mwamba" wa mchanga. Meno ya kweli, mwamba wa gundi. Mchanga wake una rangi moja tupu pande zote, na ukiumulika kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ya nanomita 365, gundi hung'aa kwa rangi yake tofauti na ya meno. Ami mwenyewe alisema, "taya la kubuni hilo," nikamsamehe mengi.

Na msidhani ni wanunuzi wa sokoni tu wanaopumbazwa na kahawia. Fuvu la Piltdown, lililotangazwa Uingereza mwaka 1912 kuwa la binadamu wa kale, lilipewa rangi ya uzee kwa madini ya chuma na kromiamu, likawababaisha wasomi mpaka 1953. Walipotoboa meno yake wakakuta ukoko mwembamba wa kahawia na ndani jeupe kabisa. Tundu tena!

Bei: ile ya siagi, punje za milimita 10 na imamu wake, aliipima mbele yangu kwenye mizani ya sonara, ikatoka gramu 19 na kitu. Uzito unalingana, bakelaiti ya ukubwa huo ingevuka 22. Alianza riyali 95, tukaafikiana 82. Si rahisi. Pale pale Mutrah mtapata "kaharabu" kwa riyali 15, na kwa riyali 15 mtapata cha riyali 15. Uzi aliotungia ni nailoni mbovu, unakwangua tundu. Nimeutoa na kutunga upya kwa hariri. Risiti aliandika "tasbihi" peke yake, nikamrudishia. Mwandikisheni kaharabu asilia, ya wapi, imepikwa au haikupikwa, imeshinikizwa au haikushinikizwa, na uzito. Aliandika yote bila kununa.

Jumla nampa nyota tatu na nusu kati ya tano, na kwa soko lile hizo ni nyingi. Nendeni asubuhi kabla ya adhuhuri mpate mwanga mzuri wa mlangoni. Mchana hufunga, hurudi baada ya alasiri, na Ijumaa asubuhi hayupo. Bebeni lenzi yenu kama mnaona haya kuazima. Na bebeni noti: mashine ya kadi anayo, iko kabatini karibu na mizani, lakini sijaiona ikiwaka.